Kobe Aliyesifiwa kwa Kuinama

Wanyama walipokuwa wakisali pamoja, Kobe alikuwa mzee wa kanisa. Mchungaji Korongo alipohubiri toba, Kobe alivuta kichwa gambani, na waumini wakanong'ona, "Mwone anavyoomba!" Kumbe alikuwa akilikwepa neno lisimguse.

Nungunungu, mwizi wa mihogo, alisimama mlangoni. "Mchungaji, hata mimi mwenye miiba nitasamehewa?"

"Hata wewe, mwanangu."

Akalia mpaka miiba ikalala.

Jumapili moja Korongo akapiga kelele, "Paa linaungua! Tokeni!" Wote wakatoka mbio. Kobe akavuta kichwa.

Nungunungu akarudi, akamsukuma hadi nje, gamba likifuka moshi. "Mzee, hukusikia?"

"Nilisikia! Ila shingo hii ikimsikia mchungaji, inaingia yenyewe. Niombee, ndugu yangu. Haraka, kabla haijarudi ndani!"