Soksi ya Mtoto

Mke wa msagaji alifika mlangoni pa kinu na ndoo ya nguo, akasikiliza. Nje, maji yalikuwa yanalizungusha gurudumu kama kawaida. Ila kengele hakuisikia.

Aliitundika babu wa mumewe, baada ya kinu cha kwanza kuteketea na kaka zake ndani. Nafaka ikikaribia kwisha kwenye mawe ya kusagia, kengele hulia, msagaji akafunga maji kabla mawe hayajasagana yenyewe na kutoa cheche. Vumbi la unga halingoji cheche ya pili. Wasagaji watatu wa ukoo huo walizeeka na ndevu zao nzima kwa sababu ya kengele hiyo.

"Upo?" aliita. "Mbona kengele kimya?"

"Polepole, mama," mumewe akajibu kwa sauti ya usingizi, nyuma ya magunia. "Ndiyo kwanza mtoto amelala hapa kifuani. Kengele nimeivisha soksi yake, isije ikamwamsha."

Mwanamke aliinua macho. Soksi ndogo ya manjano ilikuwa imefungwa kwenye ulimi wa kengele.

Na kengele ilikuwa inayumba, huku na huku, kwa nguvu zake zote.