Ombi la Kwanza

Jina la Alcide Batiste lilipoitwa kwa mara ya pili, mwenyewe alikuwa bafuni, maji yamefunguliwa na hakuna anachoosha.

"Toka, bwana," Dupree, jirani yake wa kitanda, alimgongea mlango. "Watu wanaiota siku hii mpaka wanazeeka, wewe unaoga?"

Hakuwa anaoga. Alikuwa anaona haya. Tangu alfajiri alishagawa vitu vyake, kama ilivyo desturi ya wanaoachiwa: redio kwa Dupree, ndala kwa mzee wa jikoni, blanketi kwa mgeni wa juzi. Kilichobaki ni kumuaga Wakili, na hilo ndilo lililomshinda.

Wakili hakuwa wakili. Alikuwa mfungwa wa maisha kama Alcide, aliyejifunza sheria katika maktaba ya gereza lile la mashamba, huko Luiziana, jioni akitoka kuvuna bamia. Aliwaandikia wenzake maombi ya mahakamani, nao wakamlipa kwa tambi za pakiti. Hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Alcide peke yake hakutozwa hata pakiti moja, na watu walinong'ona. Cha bure hakikosi jambo, walisema.

Na jambo lilikuwepo. Kila Alcide alipotaka kupeleka ombi lake katika mahakama ya shirikisho, lile la kumtaka jaji aulize mtu huyu amefungwa kwa haki gani, Wakili alimkatalia.

"Bado."

"Bado mpaka lini? Mpaka ning'oke meno?"

"Ombi hili ni moja, dogo. Ukilipeleka tupu wakalitupa, la pili hawalisomi, hata uje na ushahidi wa dhahabu. Kuna ruhusa ya kuomba tena, lakini mimi sijamwona aliyeipata."

Alijua anachosema. Mwaka wake wa kwanza gerezani, kwa pupa, alipeleka la kwake: ukurasa mmoja wa penseli, akilalamika kwamba mtetezi aliyepewa na serikali alisinzia mahakamani. Likatupwa. Tangu hapo kazi yake ikawa kuwazuia wenziwe wasijichome mkono kwa moto ule ule, na haya ya karatasi ile haikumtoka.

Alcide hakutaka kuelewa. Siku moja, mbele ya bwalo zima, alimwambia, "Wewe umeumwa na nyoka, sasa unyasi tu unakushtua. Umeoza humu, unataka tuoze wote. Unaogopa kubaki peke yako."

Bwalo lilicheka. Wakili aliendelea kula wali wake na maharage mekundu. Jumapili iliyofuata, mama yake Alcide alipokuja kutembelea, Wakili naye alikuwepo ukumbini, na hakumshtakia neno. Alimuuliza tu habari za kanisani.

Miaka ikapita. Kisha akapatikana mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza kamba wa mtoni kando ya kituo cha mafuta, usiku ule aliouawa mwenye kituo, mauaji aliyofungiwa Alcide. Mama huyo alimjua aliyefyatua risasi kwa sura na kwa jina: mpwa wa askari mmoja wa pale pale. Alikuwa amewaambia polisi kabla hata damu haijakauka, nao wakayafukia maneno yake. Wakili ndiye aliyemsaka mama huyo, akiandika huku na huku mpaka akampata. Ndipo aliposema, "Sasa."

Ombi la Alcide, la kwanza na safi, likasomwa. Jaji akafuta hukumu, na mwendesha mashtaka akasema hana tena kesi.

Alcide alifunga maji, akatoka bafuni.

Wakili alikuwa amekaa kitandani kwake, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alcide alisimama mbele yake, macho chini. Alitamani amwone amekasirika, ingekuwa nafuu.

"Yale niliyokwambia bwaloni," alianza.

"Yamepita."

"Naona aibu kutoka."

"Aibu hiyo nipe mimi, ni yangu. Mwenye pupa nilikuwa mimi." Wakili aliinuka, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimeachwa wazi. "Nenda. Mama anangoja juani."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie kweli. Mimi kumwandikia nimejaribu, nimeshindwa."

Alcide alitaka kumkumbatia, akaogopa kwamba akimshika hatamwachia. Alimpa mkono tu, kama wanavyopeana watu waliokutana kwenye foleni, na njia nzima mpaka langoni alijichukia kwa mkono ule.

Nje, mama yake alikuwa amesimama kando ya gari, kofia ya kanisani kichwani. Alimshika mashavu, akalia, akacheka, akalia tena. Akampangusa uso kwa leso yake kana kwamba ni yeye aliyekuwa akilia. Kisha akachungulia nyuma yake. Lango lilikuwa limeshafungwa.

"Mbona wamefunga?"

"Mama, ujue Wakili..."

"Mimi sikuzaa wakili. Nimezaa wana wawili, wakakamatwa kwenye gari moja, wakafungwa kwa kosa moja, na shahidi mmoja amewasafisha wote wawili. Kaka yako yuko wapi?"

Alcide alitazama chini.

"Kaka alishaomba, Mama."