Upanga wa Mahari ya Sorhaya

Macapodi aliunusa upanga kama mtu anayenusa samaki wa juzi.

"Mjomba Gandamra," alisema, "hii ndiyo mahari ya binti yangu?"

Wageni walikaa mkekani. Nyuma ya pazia Sorhaya aliuma ukucha. Alimtaka Jamil, mjukuu wa Gandamra, lakini baba yake alishasema: upanga ukiwa bandia, hakuna ndoa. Na katika kupambanua panga za kale, watu wa ziwa zima la Lanao walimsikiliza yeye.

Macapodi akausogeza mlangoni penye mwanga. Makali yalikwenda mawimbi mawimbi, mpini umechongwa kichwa cha kasuku. Akakagua shingoni, juu ya mpini, pale upanga wa kale huwa na kiungo cha vyuma viwili na wadanganyifu huchora mstari tu. Hapa hapakuchorwa kitu. Vilikuwa vyuma viwili, vimeungwa na fundi aliyekwisha kuoza zamani. Moyo ukamruka. Upanga wa kweli kabisa!

Lakini alitaka na pikipiki pia.

"Bandia," alisema.

"Mpwa wangu, tazama vizuri."

"Nimetazama! Huu wahunzi wa Tugaya wameupika juzi, wakauloweka kwenye siki, wakaufukia kwenye mavi ya nyati ili uonekane mzee. Hata fenesi haukati. Ongezeni pikipiki ndipo tuzungumze."

Watu wa upande wake wakaangua kicheko. Mama yake, dada wa Gandamra, alikuwa pembeni akitafuna tambuu. Yeye hakucheka.

"Una hakika?" Gandamra akauliza. "Mbele ya watu wote hawa?"

"Mjomba, uzee umekupofua. Bandia, naapa!"

Hapo hata majirani waliokuwa dirishani walijua yamekwisha. Macapodi angeacha paa la nyumba yake liungue kuliko kurudisha neno alilolitoa mbele ya watu.

Gandamra akaanza kuuviringisha upanga katika kitambaa chake, taratibu.

"Haya. Mimi si mjuzi, niliurithi tu. Aliyetuletea, uwe mahari, ni marehemu baba yako, siku aliyokuja kumwoa dada yangu."

Kicheko kikakatika. Nyuma ya pazia, Sorhaya aliacha kuuma ukucha.

Mama yake Macapodi akatema tambuu, akakaza nguo kiunoni, akainuka.

"Kaka, ningoje nifungashe, turudi wote nyumbani," alisema. "Kumbe mimi bado mwari."