Kiti cha Kulia

"Saini hapa tu, mama," mnunuzi alisema, akimpa mwalimu kalamu. "Nimekagua, benki haidai kitu. Ila kwenye sajili ndege hii ina wamiliki wawili, na wa pili ni wewe. Usiposaini, siwezi kuinunua."

"Nilidhani alishanifuta zamani."

"Hawezi kukufuta bila wewe mwenyewe kukubali. Mumeo wa zamani ameniambia nikufikishie shukrani zake."

"Mume wangu yule? Siku hizi anashukuru?" Mwalimu alicheka. Tangu waachane hawakuwahi kuonana. "Subiri kidogo niiage."

Aliparamia bawa, akajipenyeza hadi kiti cha kulia, kando ya kile cha rubani. Harufu ilikuwa ileile, ya mafuta na ngozi kuukuu. Akapeleka mkono chini ya kiti akisogeze mbele, kama alivyozoea. Miguu yake ilikuwa mifupi, na mumewe hakuchoka kumtania: "Sogea zaidi, Mfupi, upige kioo busu."

Lakini miguu ilifika kwenye pedali.

Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele hadi mwisho, palepale alipokiacha. Aliinama, akapitisha kidole kwenye reli ambayo kiti huteleza juu yake. Vumbi lilikuwa limeganda kama rangi, halina mkwaruzo hata mmoja. Hakuna aliyewahi kukirudisha nyuma.

"Mama, kuna tatizo?" mnunuzi aliuliza kutoka nje.

Mwalimu alifunika kalamu, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Mwambie sahihi yangu aifuate mwenyewe. Nipo hapa hapa, nimekaa."