Beberu na Mafuta ya Asumini

Anayekula aendelee kula, maneno yangu si mengi.

Beberu alikuwa na ndevu zenye harufu kali na mke kipofu. Siku moja mbuzi vijana walimcheka huku wameziba pua, naye akaenda kwa Fungo, muuza manukato.

"Nipe mafuta ya ndevu."

"Nani atakayezinusa, bwana?"

"Hao vijana."

Fungo akampa ya asumini. Beberu akajipaka chupa nzima, na vijana wakamsifu njia nzima.

Jioni akabisha kwake. Mkewe akanusa penye ufa wa mlango, akasukuma komeo.

"Mume wangu hayupo."

"Ni mimi, mke wangu."

"Hata fisi husema hivyo. Mume wangu namjua kwa ndevu zake."

Beberu akageuka awaite vijana wamshuhudie, lakini kila mmoja alikwisha kwenda kwao. Fisi akakohoa bondeni. Basi Beberu akazifanyia ndevu lile ambalo kila beberu huzifanyia, nami sitalitaja kwa kuwa mnakula.

Akabisha tena. Mlango ukafunguliwa upesi.

"Ulikuwa wapi siku nzima?" mkewe akauliza.

"Kwa wasionijua," akajibu Beberu, akaingia.