Goti la Bi Somoe

Miaka hiyo, mchezo wa kompyuta haukumfungukia mtoto mpaka mtu mmoja wa nyumbani aandikishwe kupokea maumivu yake. Rukaya alimwandikisha bibi yake, Bi Somoe, ambaye barafu aliyoijua ni ile ya kwenye jagi la juisi. Kila mara msichana wa kwenye skrini alipoteleza kwenye barafu, akaruka na kuanguka, goti la Bi Somoe ndilo lililouma.

"Kitendawili!" alisema Bi Somoe akichagua mchele.

"Tega!"

"Anaanguka huyu, analia yule."

"Mimi na wewe, bibi!"

"Basi jifunze kutua, mjukuu wangu. Unatua kama gunia la mihogo!"

Rukaya akacheka, akaruka, akaanguka puu. Bi Somoe alikaza meno kungoja maumivu. Hayakuja. Akalikunja goti, akalikunjua. Lilikuwa jepesi kama la mwanamwali, na wepesi huo ukamtia wasiwasi.

"Rukaya, mbona siumii?"

"Nimekupumzisha, bibi. Jana hukuweza hata kusujudu. Nimemwandikisha mwingine."

"Nani?"

Rukaya hakusikia tena. Alikuwa anavuta kasi ya kuruka. Bi Somoe akageukia mkekani. Nunu, mdogo wake Rukaya, alikuwa ameangua kilio mara tu Rukaya alipoanguka, kilio ambacho siku nyingine wangesema ni cha kuota meno. Sasa alikuwa ameshika kigoda kwa mikono miwili, anajaribu kusimama, na magoti yanamtetemeka.

"Usiruke!" alipiga kelele Bi Somoe.

Kwenye skrini, viatu vilikuwa vimeshaiacha barafu.