Viatu Vinavyotazama Nje

Siku yake ya kwanza kazini, mshonaji mpya alivua viatu mlangoni, akavipanga ncha zikitazama nje. Mikono ilikuwa imezoea hivyo tangu kwenye vyumba vya kule alikotoka: mteja akigeuka mbogo, unavitia miguuni unakimbia. Cherehani alikuwa amejifunza mwaka mzima, asirudi tena.

Bosi akaviona, akacheka. “Jamani, mmetuletea changudoa! Ndivyo wanavyopanga viatu hao.”

Uso ukamwaka. Akauliza kwa adabu zake zote, “Samahani bosi, wewe uliwaona wapi wakivipanga?”

Cherehani zikanyamaza. Mke wa bosi akaweka mkasi mezani. “Mjibu, baba watoto.”

Bosi hakumtazama mkewe. “Wewe mgeni, toka!”

Viatu vilikuwa tayari vinatazama nje.